Rudisha Amefika, Biel Amebakiza Mita Ngapi?

Ndugu wazazi, hesabu za mwendo zinawasumbua watoto wetu hapa Mantapala, maana shuleni zinakuja kwa Kiingereza. Sisi tuwaeleze nyumbani kwa Kiswahili.

Tuchukue Olimpiki ya Rio, 2016. David Rudisha wa Kenya alishinda fainali ya mita 800 kwa sekunde 102.15. Yiech Pur Biel wa Timu ya Wakimbizi, mwenzetu aliyeishi kambi ya Kakuma, alikimbia mchujo kwa sekunde 114.67. Tuseme wangekimbia pamoja, kila mmoja kwa mwendo wake bila kubadili. Rudisha akifika, Biel amebakiza mita ngapi?

Tofauti ni sekunde 12.52. Hapo ndipo wengi wanapotea: wanazidisha kwa mwendo wa Rudisha, mita 7.83 kwa sekunde, wanapata 98. Hapana! Rudisha amekwisha fika, anapumzika. Anayekimbia bado ni Biel. Basi gawa 800 kwa 114.67, unapata 6.98. Zidisha kwa 12.52: karibu mita 87.

Na zile 98? Usizitupe. Hizo ndizo mita ambazo Rudisha angerudishwa nyuma ya mstari wa kuanzia ili wafike pamoja. Mwambie mtoto akuonyeshe kwa nini.