Aliyepunguzwa Kazini Asipunguzwe Haki Yake

Mfanyakazi anayefukuzwa kwa wizi au kwa ulevi hujua kilichomtoa kazini. Lakini yuko mwingine anayeitwa ofisini asubuhi na kuambiwa ya kwamba biashara imelegea, au ya kwamba mashine mpya imefika, au ya kwamba idara mbili zimeunganishwa kuwa moja. Huyo hutoka langoni hali hana kosa. Alifika kwa saa yake, akafanya kazi yake, wala hakumdharau mkubwa wake. Hata hivyo mwisho wa mwezi hana mshahara, na mwenye nyumba hangoji, wala duka halikopeshi milele. Juu ya mfanyakazi huyu twataka kusema leo.

Twasema waziwazi tangu mwanzo: Tanzania Bara haikosi sheria ya kumlinda mtu huyu. Linalokosekana mara nyingi ni ujuzi wa sheria hiyo kwa wale inaowahusu. Tumewaona ndugu wengi wakipoteza haki zao kwa sababu mbili tu, nazo ni siku na karatasi. Ama walichelewa, ama walitia sahihi wasichokisoma. Kwa hiyo yatupasa kueleza njia yote, hatua kwa hatua, ili asiwepo wa kusema kesho ya kwamba hakuambiwa.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1962, nchi ilipokuwa changa, ilitungwa sheria ya malipo ya kiinua mgongo kwa aliyeachishwa kazi. Mwaka 1964 ikafuata sheria ya usalama wa kazi, iliyomzuia mwajiri kumfukuza mtu kwa hasira za siku moja, na mwaka huohuo ikaanzishwa akiba ya wafanyakazi, yaani NPF. Akiba ile iligeuzwa kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, kwa sheria ya mwaka 1997. Kisha mwaka 2004 zikaja sheria mbili zinazotuhusu zaidi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6, na Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7, ambayo ndiyo iliyounda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maarufu kwa jina la CMA.

Basi sheria ya mwaka 2004 yasemaje juu ya kupunguza watu? Haimkatazi mwajiri kupunguza. Yakubali ya kwamba shughuli huweza kubadilika kwa sababu za uchumi, za ufundi au za muundo wa kazi. Lakini yamfunga kwa utaratibu. Mara tu anapofikiri kupunguza watu, sharti atoe taarifa ya kusudi lake. Sharti aeleze habari zote zinazohusika. Kisha sharti ashauriane na chama cha wafanyakazi, na pasipokuwa na chama, ashauriane na wafanyakazi wenyewe, juu ya mambo haya: sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza madhara, namna ya kuwachagua watakaotoka, wakati wa kufanya hivyo, na malipo yatakayotolewa. Wasipoelewana, shauri lapelekwa kwa msuluhishi.

Angalieni, ndugu, neno lililotumika ni kushauriana. Mwajiri anayewakusanya watu uwanjani na kuwasomea majina hakushauriana na mtu, ametangaza. Na mwajiri anayempunguza mtu kwa sababu ya chuki, akaiita chuki hiyo uchumi, huyo amevunja sheria mara mbili. Ikiwa shauri litafika mbele ya Tume, si kazi ya mfanyakazi kuthibitisha ya kwamba ameonewa katika kuachishwa. Ni wajibu wa mwajiri kuthibitisha ya kwamba alikuwa na sababu ya haki na ya kwamba alifuata utaratibu wa haki. Lakini asiyetimiza miezi 6 kazini hana ulinzi huu wa kuachishwa isivyo haki.

Sasa tutazame malipo. Anayeondoka apaswa kupewa mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo asiyoichukua, na malipo ya notisi ikiwa hakupewa notisi yenyewe. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi isipungue siku 28. Aliyeajiriwa mbali na kwao apaswa kurejeshwa mahali alikoajiriwa, au kulipwa nauli. Apewe pia cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake, si hisani.

Juu ya hayo kuna kiinua mgongo. Aliyetimiza miezi 12 ya utumishi usiokatika hulipwa kwa uchache mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, lakini hesabu haipiti miaka 10. Tutoe mfano. Mtu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 520,000 kwa mwezi, afanyaye kazi siku 6 kwa juma, siku yake moja ni kama shilingi 20,000. Siku 7 ni shilingi 140,000. Ikiwa ametumika miaka 8 kamili, kiinua mgongo chake hakipungui shilingi 1,120,000. Akiwa ametumika miaka 15, sheria yahesabu 10 tu, nazo ni shilingi 1,400,000. Hicho ni kima cha chini; mkataba wa hiari kati ya chama na mwajiri waweza kuwa bora zaidi, na ndiyo maana tunawahimiza wafanyakazi wausome mkataba wao kabla ya siku ya dhiki kufika. Lakini aliyepewa kazi nyingine inayofaa, akaikataa bila sababu ya maana, aweza kukikosa kiinua mgongo.

Malipo ya pili hayatoki kwa mwajiri. Yatoka katika Mfuko. Zamani mwanachama aliyeacha kazi aliweza kujitoa na kuchukua michango yake. Mageuzi ya mwaka 2018 yaliondoa desturi hiyo, yakaleta fao la kukosa ajira. Mwanachama wa NSSF aliyechangia angalau miezi 18, akapoteza kazi si kwa kujiuzulu, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda wa miezi 6. Mtu wetu wa shilingi 520,000 atapata kama shilingi 173,000 kila mwezi. Si mshahara, lakini ni unga wa nyumbani wakati anapotafuta mlango mwingine.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa, nasi twaomba kila msomaji asimame kidogo. Fao hili si la aliyejiuzulu. Wako waajiri wanaomwita mfanyakazi na kumwambia kwa sauti ya upole: andika barua ya kuacha kazi mwenyewe, jina lako libaki safi, nasi tutakulipa upesi. Mfanyakazi, kwa kuogopa au kwa heshima, huandika. Kwa kalamu hiyo moja ameyatupa mawili: fao lake katika Mfuko, na shauri lake mbele ya Tume, kwa maana mwajiri atasema hakumwachisha mtu, mtu aliondoka kwa hiari. Ni kweli sheria yamtambua yule aliyelazimika kuondoka kwa kuwa mwajiri ameyafanya maisha ya kazini kuwa mateso. Lakini huyo atakuwa na mzigo wa kuyathibitisha mateso hayo. Kwa hiyo twasema: ikiwa umepunguzwa, barua yako iseme umepunguzwa. Usikubali neno lingine.

Mtego mwingine ni michango isiyopelekwa. Sheria yataka asilimia 20 ya mshahara ipelekwe kwenye Mfuko, na mfanyakazi asikatwe zaidi ya nusu yake. Wako waajiri wanaokata kila mwezi bila kupeleka. Mfanyakazi haoni kitu mpaka siku anapofika dirishani na kuambiwa ya kwamba miezi yake haikutimia. Fedha aliyokatwa ni jasho lake, na kuizuia ni kumnyang'anya mara mbili: mara ya kwanza katika mshahara, mara ya pili katika njaa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyakazi na aitazame hesabu ya michango yake angali kazini, atunze hati zake za mshahara, na akiona pengo apeleke habari mapema kwa chama chake na kwa ofisi ya Mfuko. Pengo la miezi 3 huzibika kwa urahisi kuliko pengo la miaka 3.

Anayekwenda kudai fao na aende na barua ya kuachishwa, kitambulisho chake, namba ya uanachama na ya hesabu yake ya benki, pamoja na hati za mshahara. Akikataliwa, asirudi nyumbani na neno la mdomo. Aombe sababu kwa maandishi. Kama kosa ni la kumbukumbu, alete uthibitisho na ataka lisahihishwe. Asiporidhika, apande ngazi: kwa mkuu wa ofisi ya mkoa, kisha makao makuu ya Mfuko, kisha kwa wizara yenye dhamana ya kazi. Kila barua iwe na nakala, na kila nakala iwe na muhuri wa kupokelewa.

Na anayeona ya kwamba ameachishwa isivyo haki aende kwenye Tume. Hapa siku ndizo zinazoamua. Shauri la kuachishwa kazi isivyo haki lapaswa kufikishwa ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Madai mengine, kama mishahara na malipo yaliyobaki, yana siku 60. Siku hizo si nyingi. Mwajiri mwerevu huzijua, naye humwambia mfanyakazi: njoo juma lijalo, mhasibu amesafiri, njoo mwisho wa mwezi, hundi haijasainiwa. Siku ya 31 mhasibu hurudi, na hundi haipo. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Aliyechelewa kwa sababu ya haki aweza kuomba kuongezewa muda, lakini sharti aeleze sababu ya kuchelewa kwake, na Tume si lazima imkubalie.

Njia yenyewe haina ugumu wa kutisha. Mfanyakazi hujaza fomu namba 1 ya Tume, humpa mwajiri nakala, kisha huipeleka Tume pamoja na uthibitisho ya kwamba mwajiri ameipokea. Huitwa kwanza kwa msuluhishi, ambaye apaswa kumaliza kazi yake ndani ya siku 30, isipokuwa pande zote zimekubaliana kuongeza. Yanayosemwa katika usuluhishi ni siri, hayatumiki baadaye kama ushahidi. Kwa hiyo mtu aweza kuzungumza mapatano bila hofu. Mlalamikaji asipofika, shauri laweza kufutwa. Mwajiri asipofika, laweza kuamuliwa bila yeye. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda kwa mwamuzi, ambaye husikiliza ushahidi na kutoa tuzo yenye sababu. Katika safari hii mfanyakazi aweza kusimamiwa na kiongozi wa chama chake, na wakili, au na mtu aliyemchagua mwenyewe.

Asiyeridhika na tuzo ana majuma 6 tangu kuipokea, kuomba marejeo katika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Marejeo si kuanza upya. Lazima aonyeshe ya kwamba tuzo ilipatikana kwa rushwa, au mwamuzi alikwenda kinyume cha wajibu wake, au tuzo yenyewe ni kinyume cha sheria au haina mantiki. Kutoka hapo iko Mahakama ya Rufani, kwa hoja ya sheria tu. Watumishi wa umma wana njia yao, kwa kuwa yawapasa kwanza kumaliza ngazi za rufaa za utumishi wa umma. Na ndugu zetu wa Zanzibar wana Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005 na mfuko wao wa ZSSF.

Tukiisha kueleza hayo, twataka kusema neno letu wenyewe. Mapatano ya kimataifa ya mwaka 1952 juu ya hifadhi ya jamii, yale yenye namba 102 ya Shirika la Kazi Duniani, yaliuhesabu ukosefu wa kazi kuwa moja ya majanga tisa ambayo jamii yapaswa kumkinga mtu nayo, sawa na ugonjwa na uzee. Fao la miezi 6 ni mwanzo mwema, lakini nani asiyejua ya kwamba kazi mpya haipatikani kila mara kwa miezi 6? Tena siku 30 ni sawa kwa mtu mwenye wakili mjini. Kwa kibarua aliyerudi kijijini kwa nauli ya mkopo, ni siku za kufumba na kufumbua. Kwa hiyo wajibu mkubwa ni wa vyama vya wafanyakazi. Chama kinachokata ada kila mwezi lakini hakimfundishi mwanachama fomu namba 1 kabla ya kupunguzwa, hakina tofauti na mwavuli unaofunguliwa mvua ikiisha.

Kila tawi na liweke ubaoni mambo manne: siku 30, siku 60, miezi 18, na onyo la kutotia sahihi barua ya kujiuzulu. Kila mfanyakazi na atunze hati zake katika bahasha moja nyumbani, mkewe au mumewe apajue ilipo. Mwajiri aweza kuifunga kazi yake, na wakati mwingine hana budi. Lakini mtu asiye na kosa asitoke langoni mikono mitupu kwa sababu tu hakuna aliyemwambia mlango wa haki uko upande gani.