Mada Si Hoja

Mpe mwanafunzi kifungu cha ufahamu kuhusu ukataji wa miti, kisha umuulize mwandishi anasema nini. Wengi watakujibu: "Anazungumzia miti." Hawajakosea, ila hawajafika. Miti ni mada. Hoja ni lile analolidai mwandishi kuhusu miti, tuseme kwamba watu wa mjini hawataacha mkaa mpaka gesi ya kupikia ishuke bei. Mada hutajwa kwa neno moja au mawili. Hoja haitimii bila sentensi nzima, na ni lazima iwe ya namna ambayo mtu mwenye akili zake anaweza kuipinga.

Nasisitiza tofauti hii kwa sababu kazi zote za darasa la lugha zimeegemea hapo. Katika ufahamu mwanafunzi huitafuta hoja ya mwenzake. Katika ufupisho huibakiza hoja, akaondoa mifano, marudio na mapambo. Katika insha huitoa ya kwake. Hadithi nayo ina lake la kusema, ingawa halitamkwi waziwazi: msomaji hulipata kwa kuangalia wahusika wameamua nini na maamuzi hayo yamewafikisha wapi.

Udhaifu hujitokeza zaidi kwenye insha ya methali, ambayo watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, wanaifahamu vizuri. Chukua "Mchumia juani hulia kivulini." Mwanafunzi hujaza kurasa mbili za mateso ya kijana yatima: njaa, matambara, karo iliyokosekana. Katika aya ya mwisho anatokea mfadhili kutoka ng'ambo, na kijana anajengewa nyumba ya ghorofa. Jua lipo na kivuli kipo, lakini hakuna aliyechuma. Methali inadai kwamba raha ile imezaliwa na taabu ile, na kisa hakikuthibitisha hilo hata kidogo. Kingethibitisha kama kijana angelima bustani ya sukumawiki baada ya vipindi, akauza sokoni, na pesa hizo hizo zikamlipia karo hadi akahitimu. Mwalimu anaposema kisa kionyeshe pande zote mbili za methali, aongeze na hili: kionyeshe pia kinachoziunganisha.

Aya nayo hupimwa kwa njia hiyo hiyo. Mwanafunzi akiandika, "Simu ni muhimu. Simu pia ina hasara. Watu wengi wana simu," ametaja mada mara tatu bila kudai lolote. Aseme badala yake: "Wanafunzi wa bweni waruhusiwe simu siku ya Jumapili tu." Sasa ana sentensi kuu, na kila sentensi inayofuata ina kazi: kwa nini Jumapili, nani atazitunza siku nyingine, mzazi wa mbali atanufaikaje, na anayehofia udanganyifu wa mitihani ajibiwe vipi. Sentensi isiyojibu mojawapo ya maswali hayo itoke, hata ikiwa tamu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na walimu wanaowakaririsha watoto utangulizi: jogoo wakawika, miale ya jua ikapenya dirishani, ndege wakaimba. Mtoto hufika mtihanini na nahau ishirini kichwani, akazimwaga zote kabla hajajua anataka kusema nini. Vielelezo vyenyewe havina kosa. Hata mwandishi Shaaban Robert alitoa kitabu kizima alichokiita Kielezo cha Insha mwaka 1954. Lakini kielelezo husomwa ili tuone mwandishi alidai nini, aliutoa wapi ushahidi wake na kwa nini aliupanga hivyo. Kukikariri ni kumnyima mtoto nafasi ya kufikiri, na hilo ni dhuluma.

Mwalimu mwenzangu, utakaposahihisha insha zijazo, usianze na tahajia. Andika kwanza pembeni mwa kila aya: "Hapa unadai nini?" Mrudishie mwanafunzi daftari, ajibu kwa sentensi moja, kisha aiandike aya hiyo upya.