Foleni ya Samunge ilituambia nini?

Mwaka 2011 kijiji cha Samunge, Loliondo, kiligeuka kimbilio la wagonjwa kutoka Tanzania na nchi jirani. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapila, maarufu kama Babu, aliwanywesha kikombe cha dawa iliyochemshwa kwa mizizi ya mti wa mugariga, kwa shilingi 500 tu. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Walikunywa wakulima, wafanyabiashara, hata mawaziri. Wapo waliofia kwenye foleni kabla hawajakifikia kikombe.

Kuwaita watu wale wajinga si haki. Wengi walikuwa wamehangaika hospitalini miaka na miaka kwa kisukari, pumu, saratani na Ukimwi. Mtu aliyeambiwa atameza vidonge maisha yake yote, akisikia kuna kikombe kimoja kinachomaliza kazi, atabaki nyumbani?

Bei nayo waliijua kabla ya kupanda gari. Hospitalini mgonjwa hulipia kadi, hulipia vipimo, kisha huandikiwa dawa akanunue duka la nje, asijue gharama itaishia wapi. Kwa mganga wa tiba asili anaweza kulipa kidogo kidogo, pengine hata kwa kuku au debe la mahindi. Anakaribishwa mkekani, anaulizwa analalaje, anakula nini, nyumbani kuna amani? Ndugu aliyemsindikiza naye anasikilizwa. Dakika chache za daktari aliyezidiwa na wagonjwa zinatosha kuandika dawa, hazitoshi kuondoa hofu.

Wala mitishamba si ya kubezwa. Artemisinini, tegemeo letu dhidi ya malaria, ilitokana na mmea wa tiba ya jadi ya China, na mwanasayansi aliyeigundua, Tu Youyou, akatunukiwa Nobel mwaka 2015. Hapa Tanzania, watafiti wa Muhimbili wanachunguza dawa za asili tangu 1974, na sheria ya mwaka 2002 inawataka waganga wasajiliwe.

Lakini kikombe cha Samunge hakikuponya Ukimwi, na wapo walioacha dawa zao za ARV wakazidiwa.

Daktari na muuguzi, muulizeni mgonjwa anatumia dawa gani za kienyeji, na msimkaripie akijibu. Nawe msomaji, ukienda kwa mganga, hakikisha amesajiliwa, mwambie daktari wako unachokunywa, na dozi ya hospitali usiiache.