Aliyewatazama Watu wa Usiku

Wapo wanaodhani kwamba kumbukumbu ya taifa hukamilika kwa picha za wakuu, majengo na magwaride. Maisha ya Edward Burra, mchoraji wa Kiingereza, yatufundisha vingine.

Burra alizaliwa London mwaka 1905 katika nyumba ya watu wenye nafasi. Tangu udogoni aliandamwa na baridi yabisi na upungufu wa damu, hata mikono yake ikalemaa. Kusimama mbele ya turubai kulimchosha. Basi alilaza karatasi mezani, akatumia rangi za maji. Na picha ilipozidi karatasi, aliunga nyingine. Rangi ambazo wengi walizizoea kwa mandhari nyepesi za mashamba, mikononi mwake zilipata uzito wa rangi za mafuta.

Mtu wa hali hiyo angalikaa kwao akauguzwa, nani angalimlaumu? Yeye alisafiri. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alizuru bandari za Ufaransa, Marseille na Toulon, akawatazama mabaharia katika mikahawa yao. Mwaka 1930 alichora The Snack Bar, mojawapo ya picha zake chache za mafuta: mwanamke aliyejipamba anakula mkate, na nyuma ya kaunta mhudumu anakata nyama. Mwaka 1933 alivuka bahari hadi New York, wakati ambapo takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Huko Harlem aliwachora watu Weusi mitaani na katika kumbi za dansi.

Je, kuchora baa ni kuusifu ulevi? La hasha. Tabibu halisifu donda kwa kulitazama. Burra hakuwapamba watu wake, na mara nyingine aliwacheka. Lakini hakuwageuzia uso.

Wala hakutafuta vyeo. Mwaka 1963 Royal Academy ilimchagua kuwa mwanachama mshiriki, akakataa. Alifariki mwaka 1976, na picha yake Harlem imehifadhiwa katika jumba la Tate, London.

Kila mji una watu wake wa usiku: makuli, mabaharia, wauza kahawa. Ripoti za ofisini huwahesabu, haziwaoni. Ikiwa mgonjwa mwenye mikono iliyolemaa aliweza kuwafuata walipo, sisi wenye afya na madaraka tuna udhuru gani?