Nyigu Anayelinda Mahindi: Kwa Nini wa Pwani Hawezi Kazi ya wa Kitale

Mkulima akipasua bua la mhindi lililotobolewa, mara nyingi humkuta funza. Wakati mwingine hukuta pia rundo la vifuko vidogo vyeupe vilivyoshikamana. Wengi huviponda wakidhani ni mayai ya funza. Sivyo. Hivyo ni vifuko vya nyigu ambao tayari wamemmaliza funza huyo, na kuviponda ni kuua walinzi wa shamba lako.

Wataalamu humwita nyigu huyu Cotesia sesamiae. Ni mdudu wa asili ya Afrika, mwenye urefu wa milimita mbili hadi tatu, na hawadungi watu. Jike huingia kwenye tundu la bua, akamdunga funza na kutaga mayai mengi ndani ya mwili wake. Mabuu wa nyigu hukua humo. Baada ya wiki mbili hivi hutoka nje, husokota vifuko, na funza hufa.

Jambo ambalo wakulima wengi hawajalisikia ni kwamba nyigu hawa si sawa kila mahali, ingawa jina lao ni moja na kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Sisi wa nyanda za juu tunasumbuliwa zaidi na funza aitwaye Busseola fusca. Huko Pwani, wanaosumbua zaidi ni funza wengine, akiwemo Chilo partellus aliyeingia kutoka Asia. Katika miaka ya 1990, watafiti wa taasisi ya ICIPE yenye makao yake Nairobi walilinganisha nyigu waliotoka Kitale na wale waliotoka Mombasa. Wa Kitale walipotaga ndani ya Busseola, watoto wao walikua vizuri. Wa Mombasa nao walidunga na kutaga, lakini chembe za damu za funza ziliyazingira mayai yao na kuyaua. Funza akaendelea kula.

Tofauti hiyo imo katika jeni. Nyigu anapotaga, huingiza pamoja na mayai sumu na chembe za virusi ambazo mwili wake wenyewe huzitengeneza. Virusi hivyo ndivyo vinavyolemaza kinga ya funza. Moja ya jeni zinazohusika, iitwayo CrV1, si sawa kwa nyigu wa Kitale na wa Mombasa. Kila kundi limezoea funza linaokutana nao kwao.

Tofauti za namna hii zinaweza kuwa kubwa hata kundi likahesabiwa kuwa aina nyingine kabisa. Mwaka wa 2017, nyigu waliokuwa wakihesabiwa kuwa Cotesia sesamiae, wakiwemo wa Makindu, walipewa jina lao wenyewe: Cotesia typhae.

Je, haya yanamhusu vipi mkulima wa kaunti yetu?

Kwanza, usilete wala kununua wadudu wa kudhibiti funza kutoka eneo lingine bila kumwuliza mtaalamu. Anaweza kuwa nyigu wa jina lile lile, na bado asikusaidie.

Pili, fikiri kabla ya kunyunyiza dawa. Funza akishaingia ndani ya bua, dawa haimfikii kwa urahisi. Nyigu anayetembea juu ya bua akimtafuta funza huyo ndiye anayekufa. Nyigu wetu wa hapa wakiisha, wa kutoka mbali huenda wasiweze kuchukua nafasi yao.

Tatu, ukikuta vifuko vyeupe, viache. Nyigu wazima hutoka baada ya siku chache na kwenda kutafuta funza wengine.

Nne, jaribu kilimo cha sukuma-vuta. Hupandwa desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi ili kuwafukuza nondo wanaotaga mayai ya funza, na nepia kuzunguka shamba ili kuwavuta huko. Mimea yote miwili ni chakula cha ng'ombe.

Ukiona mabua yametobolewa na hujui la kufanya, pasua bua moja au mawili, uyapeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya kununua dawa. Huenda shamba lako tayari lina walinzi.