Mtoto Asiyetulia na Wafugaji wa Ariaal

Mtume dukani akalete chumvi na kiberiti. Njiani atamkuta fundi akiziba pancha ya baiskeli, atachuchumaa hapo, na jua likizama atarudi na chumvi peke yake, chenji hajui ilikoangukia. Fungua daftari lake la hesabu: maswali manne ya kwanza amepata yote, la tano kaliacha katikati, la sita hakuligusa. Chini, kwa wino mwekundu, mwalimu kaandika: "Anaweza, hataki."

Hilo neno "hataki" limewaumiza watoto wengi mno. Takribani watoto 5 katika kila 100 duniani wana tatizo la upungufu wa umakini, na kutaka wanataka sana. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo breki na usukani wetu: hutuzuia kukurupuka, hutukumbusha tulichotumwa. Kazi hiyo hutegemea kemikali kama dopamini na noradrenalini, na kwa watoto hawa mfumo wake hauendi sawa na wa wenzao. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Philip Shaw walilinganisha picha za ubongo za watoto 223 wenye tatizo hili na 223 wasio nalo. Gamba la ubongo la wenye tatizo lilikua kwa mpangilio ule ule, ila kwa wastani lilichelewa kama miaka 3, na lilichelewa zaidi huko mbele. Fimbo haiwezi kuharakisha ukuaji huo.

Urithi una nafasi kubwa. Jeni zinazohusika ni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na mojawapo iliyochunguzwa sana ni DRD4. Mwaka 2008 Dan Eisenberg na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanaume wa Ariaal, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya. Waliokuwa na aina ya jeni hiyo inayohusishwa na tatizo hili walikuwa na afya nzuri ya mwili kuliko wenzao, maadamu bado wanahamahama na mifugo. Miongoni mwa waliokwisha kuhamia vijijini, wenye aina hiyo hiyo ya jeni ndio waliokonda. Natamani kila mwalimu aujue utafiti huu, maana darasa nalo ni kijiji cha kukaa.

Wasichana husahaulika. Wengi wao hawarukiruki. Hukaa kimya dirishani, mawazo yako mbali, wakaitwa wazito. Na wengi hukua na tatizo hili: mtu mzima haparamii madawati tena, lakini funguo zinampotea, bili zinampita, kazi anaianza kwa moto na kuiacha nusu. Wapo wanaojitambua siku mtoto wao anapopimwa.

Hakuna kipimo cha damu. Daktari huuliza: dalili zilianza kabla ya miaka 12? Zimedumu miezi 6 au zaidi? Zinaonekana nyumbani na shuleni pia? Kuna dawa, methilfenideti ikiwa inatumika tangu miaka ya 1950, na kuna mafunzo kwa wazazi, ambayo kwa watoto wadogo ndiyo huanza.

Mwalimu, kabla hujaandika "hataki", mhamishie dawati la mbele. Mpe maswali matatu. Akimaliza, mpe mengine matatu.