Pengo na Mwanya: Kutoka Kinywani hadi Kondele

Kiswahili hakiziiti nafasi zote za kinywani kwa jina moja. Nafasi aliyozaliwa nayo mtu kati ya meno mawili ya mbele ni mwanya, na mwenye mwanya husifiwa kwa uzuri. Nafasi iliyoachwa na jino lililong'oka ni pengo. Mwanya hauna kilichopotea. Pengo ni ushahidi kwamba palikuwa na kitu. Makala haya yanashikilia kwamba tofauti hiyo ndiyo inayolipa neno pengo uzito wake linapotoka kinywani.

Matabibu wa meno wanajua jambo ambalo watumiaji wengine wa neno hili hulisahau: pengo halitulii. Jino likishang'olewa, jirani zake huinama taratibu kuelekea palipo wazi, la juu lililokosa mwenzake wa kugusana naye huteremka, na mfupa wa taya hupungua.

Hata hivyo, ufuo wa Ziwa Viktoria unatoa mfano unaotatiza. Kwa vizazi vingi Waluo waliwang'oa vijana wao, wa kike na wa kiume, meno sita ya chini, kwa desturi iitwayo nak, iliyofifia katika karne ya 20 kadiri Ukristo na shule vilivyoenea. Hapo pengo lilipewa hadhi ya mwanya, likawa alama ya utu uzima. Lakini jamii iliyong'oa ndiyo hiyo hiyo iliyotoa maana.

Katika shairi la mizani 16, kituo kati ya ukwapi na utao ni mwanya: mghani hupumua hapo, na kina cha kati husikika kwa sababu ya kimya kinachokifuata. Mshororo ukiwa na mizani 15, sikio hujikwaa, na wanaarudhi huliita shairi hilo guni. Ubishi kuhusu mashairi huru, kama yale ya Kezilahabi katika Kichomi (1974), waweza kusomwa kwa jicho hili. Walioona mapengo humo walikuwa na silabi walizozikumbuka. Wasiozitarajia waliona mianya tu.

Nao wachumi? Husemwa "pengo kati ya matajiri na maskini", wala si mwanya. Msemaji, apende asipende, amekwisha kukiri kwamba kuna kilichoondolewa. Nchini Kenya, Waraka wa Bunge Na. 10 wa 1965 ulipendekeza fedha za maendeleo zielekezwe mahali zitakapozalisha zaidi, yaani palipokwisha kutangulia. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais akaongoza chama cha KPU, kilicholalamikia mgawanyo wa ardhi na mali. Abdilatif Abdalla, aliyekiunga mkono chama hicho, aliandika Kenya: Twendapi? mwaka 1968 akafungwa miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga gerezani yakawa Sauti ya Dhiki (1973).

Alipokuwa bado kifungoni, tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti. Palizuka majibizano baina yake na Jaramogi, polisi wakaufyatulia risasi umati, watu wakafa. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku. Jengo lililokusudiwa kuziba pengo la tiba likafunguliwa kwa kuacha mapengo katika nyumba za watu.

Hospitali hiyo iko Kondele. Sasa ina jina la Jaramogi, ingawa wenyeji wengi bado huiita "Russia". Manyatta iko jirani; Milimani, mtaa wa wenye nacho, haiko mbali. Jino lililooza laweza kuokolewa kwa kutibiwa mzizi na kuvishwa kifuniko, au laweza kung'olewa. Kung'oa ni kwa bei nafuu zaidi. Kwa hiyo wagonjwa wawili wenye jino bovu lile lile huweza kurudi nyumbani, mmoja na jino, mwingine na pengo, na daktari hakukosea popote.